Somo: kuthibitisha kwa mkono kwamba 2147483647 ni namba tasa

Kamwene wote. Jumamosi hapa Iringa mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza aliniapia kwamba 91 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Haigawanyiki kwa 2, 3 wala 5, akaona imetosha. Nikamwaga mezani punje 91 za maharage. Safu za punje tano zilibakiza moja. Safu za punje 13 zikawa saba kamili, hakikubaki kitu. Akanyamaza, kisha akauliza: je, kwa namba isiyoenea hata kwenye gunia? Somo hili ni jibu lake.

Hatua ya 1. Iandike upya: 2³¹ − 1. Kipeo 31 chenyewe ni tasa, na lazima kiwe hivyo. Kingekuwa 6 tungepata 63, ambayo hugawanyika kwa 2³ − 1, yaani 7.

Hatua ya 2. Weka mpaka. Kipeuo chake cha pili ni 46,340 na kidogo. Vigawo huja viwili viwili, na haviwezi vyote kuvuka hapo.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye utamu, msipakimbie. Tuseme kipo kigawo tasa, tukiite q. Basi 2³¹ ikigawanywa kwa q hubakiza 1, na kwa kuwa 31 ni tasa, hakuna kipeo cha 2 kidogo kuliko hicho, kuanzia 1, kinachobakiza 1. Mwanahisabati Fermat alishaonyesha kwamba 2 yenye kipeo q − 1 nayo hubakiza 1. Kwa hiyo q − 1 hugawanyika kwa 31, na kwa sababu q ni witiri, q − 1 ni shufwa, hivyo hugawanyika kwa 62. Za kujaribu ni 63, 125, 187 na kuendelea: 747 tu.

Hatua ya 4. Mwanahisabati Euler akachuja tena. 2³² hubakiza 2, nayo ni mraba wa 2¹⁶; hilo huwezekana tu kama q ikigawanywa kwa 8 hubakiza 1 au 7. Zinabaki 373. Nyingi huanguka zenyewe: 63 ni 7 × 9, 249 ni 3 × 83. Tasa ya kwanza ni 311. Gawanya: 311 × 6,905,092 ni 2,147,483,612, baki 35. Endelea hivyo hadi mpaka wetu. Kila moja itaacha baki. Euler alitoa matokeo haya mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamepofuka kabisa. Kila nikifika hapa namheshimu upya.

MASWALI

Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo kila kipeo tasa huzaa namba tasa?

Marahaba. Hapana. 2¹¹ − 1 ni 2047, yaani 23 × 89. Gawanya kila kigawo kwa 22 uone: baki ni 1. Kanuni ni ileile ya hatua ya 3.

Mafinga: Hakuna njia ya kukwepa kugawa moja moja?

Ipo, ya wanahisabati Lucas na Lehmer. Chukua 2⁷ − 1, yaani 127. Anza na 4, ipigie mraba, toa 2, shika baki ya kugawa kwa 127. Rudia mara tano, pungufu ya kipeo kwa mbili: 14, 67, 42, 111, 0. Sifuri ikitokea mwishoni, ni tasa. 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, iliyotangazwa Oktoba 2024, ina tarakimu 41,024,320, na kipimo hikihiki kiliithibitisha.

Mwanjelwa: Mimi fundi simu. Mbona namba hii naijua?

Umeiona kweli, fundi. Ndiyo kubwa kuliko zote zinazoenea kwenye biti 32 (nafasi za 0 au 1 ndani ya kompyuta) pale biti moja inapobeba alama ya hasi. Mitambo ya zamani inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 itaifikia 19 Januari 2038, kwetu saa 12:14 asubuhi na sekunde 7. Utasa wake hauhusiki hapo. Ni kipeo 31 tu.