Kupanda Yes Tor, Dartmoor, bila kuingilia shabaha za jeshi

Mlioko Uingereza mnaotaka kupanda kilima cha High Willhays (mita 621) na jirani yake Yes Tor (619), huko Dartmoor, nyanda za juu za kusini magharibi mwa England, jueni hiyo ni ndani ya eneo la mazoezi ya jeshi la Okehampton, kwa hiyo kabla hujafunga buti ingia mtandaoni ucheki ratiba ya kufyatua risasi, ipo kwenye tovuti ya serikali. Ukifika angalia vilimani, bendera nyekundu mchana, taa nyekundu usiku, ukiziona tu basi usivuke zile nguzo za nyekundu na nyeupe. Kukiwa shwari pita, ila chuma chochote kwenye nyasi usikiguse wala kukipiga teke, huenda ni risasi au bomu ambalo halijalipuka, hata kama kina kutu kama kopo la maziwa. Na ile sehemu ya kijani kibichi inayong'aa ni tope jamani, mimi lilinimeza mpaka goti.