Sukari ikishuka ukiwa umevaa pampu: mdomo kwanza, vitufe baadaye

Mtu mwenye kisukari aliyevaa pampu ya insulini (kifaa kidogo kinachomwingizia dawa ya kushusha sukari saa zote) akianza kutetemeka, mkono wake hukimbilia pampu. Anaisimamisha, anakaa, anasubiri. Kosa linaanzia hapo. Insulini iliyokwisha kuingia chini ya ngozi hairudi nyuma. Bolasi, yaani dozi ya insulini uliyojipa kwa mkupuo kwa ajili ya chakula, inaendelea kushusha sukari kwa saa 3 hadi 5, na hata ukizima pampu dakika hii, damu haitaona tofauti mpaka nusu saa au saa nzima ipite. Kinachopandisha sukari ndani ya dakika 15 ni sukari uliyoimeza.

Sukari imeshuka ikiwa chini ya 3.9 mmol/L (kwa mashine za mg/dL, chini ya 70). Ikifika chini ya 3.0 ni hatari ya papo hapo, kwa sababu ubongo unaanza kukosa nguvu na mwenye tatizo anaweza kukataa kabisa kwamba ana tatizo.

Huku Nyanda za Juu Kusini dalili zina mtego wake. Mwezi wa Juni na Julai kule Makete au Njombe kila mtu anatetemeka asubuhi. Usisikilize kutetemeka peke yake. Tafuta jasho wakati wa baridi, njaa ya ghafla, midomo kufa ganzi, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na sababu, maneno kutoka mazito. Ukiwa umelala chumba chenye jiko la mkaa na kichwa kinauma na kuzunguka, toka nje kwanza, kisha pima: moshi wa mkaa nao unachanganya akili, tena unaua.

Pima kwa kidole kama kipimo kiko karibu. Nawa kwa maji ya uvuguvugu na ukauke vizuri: vidole vya baridi havitoi damu, na kidole chenye mabaki ya ndizi mbivu au asali kitakupa namba ya juu ya uongo, nawe utaongeza insulini badala ya kula. Mashine nyingi za kupimia zimetengenezwa kufanya kazi kuanzia nyuzi joto 10 hivi, basi asubuhi ya baridi iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kama huna kipimo na dalili zipo, jitibu bila kupima. Sukari iliyopanda kidogo kwa bahati mbaya ni rahisi kuirekebisha kuliko mtu aliyeanguka.

Ukitumia sensa (kifaa kinachobandikwa mwilini kufuatilia sukari muda wote), kumbuka inapima majimaji ya chini ya ngozi, si damu, kwa hiyo inachelewa dakika 5 hadi 15. Na ukiilalia usiku inaweza kupiga kelele kwamba umeshuka wakati hujashuka. Geuka, pima kidole, ndipo uamue.

Kiasi cha sukari

Mtu mzima anahitaji gramu 15 za sukari ya haraka. Gramu hizo ni vijiko 4 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa juu, vikikorogwa kwenye nusu glasi ya maji. Au mililita 150 za soda ya kawaida. Au kijiko kimoja cha mezani cha asali (mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali). Kijiko kilichorundikwa ni habari nyingine, kinaweza kubeba karibu mara mbili. Soda isome lebo: zile zisizo na sukari hazitibu chochote, na nyingine zimepunguzwa sukari. Ukiona gramu 10 kwa kila mililita 100, mililita 150 zinatosha. Ukiona 5, unahitaji mara mbili yake.

Njia rahisi ya kuwa na dozi tayari: nunua robo kilo ya sukari au ya glukosi ya unga, imwage mezani juu ya karatasi safi, igawe nusu kwa nusu mara nne. Utapata mafungu 16 ya gramu 15 na ushee kila moja. Yafunge kwenye vifuko vidogo: viwili mfukoni, viwili kitandani, viwili kwenye begi la shule, kimoja kwa jirani au kwa mwalimu. Kwa safari ya basi, usiyaweke kwenye mzigo wa buti. Basi likikwama mlima Kitonga nyuma ya malori, buti halifunguliwi.

Chai ya moto yenye sukari ndiyo inayokuja akilini kwanza kwa mtu wa baridi, lakini huwezi kuigida. Utaipuliza dakika kumi huku unashuka. Maji ya kawaida ni bora. Chai ya maziwa, chokoleti, parachichi na karanga havifai kwa hatua hii, maana mafuta huchelewesha sukari kutoka tumboni. Chapati, viazi, ugali na ndizi za kupika ni vyakula vya baadaye.

Mtoto hesabu gramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 20 anapata gramu 6, yaani kijiko kimoja na nusu. Mwenye kilo 40 anapata 12, vijiko vitatu.

Pampu inayojirekebisha yenyewe kwa kufuata sensa ina hesabu tofauti. Hiyo huwa imekwisha kupunguza au kukata insulini kabla hujahisi chochote, kwa hiyo gramu 5 hadi 10 mara nyingi zinatosha. Ukimeza 15 au 20, sukari inaruka juu, pampu inaona, inamwaga insulini, nawe unashuka tena baada ya saa mbili. Kiasi kamili kinabaki pale tu uliposhuka kwa sababu ya kazi ngumu, au una bolasi kubwa iliyotolewa muda mfupi uliopita, au uko chini ya 3.0.

Sukari ya kujitibu usiiandike kwenye pampu kama chakula. Pampu haijui kwamba ni dawa. Itapendekeza insulini ya kuifunika.

Baada ya kumeza

Tazama saa, subiri dakika 15 umekaa. Usiendelee kulima, usiendeshe bodaboda. Pima tena kwa kidole, kwa kuwa sensa wakati huu itakuwa bado inaonyesha uko chini, na hofu yake ndiyo inayowafanya watu wamalize chupa nzima ya soda. Ukiwa bado chini ya 3.9, rudia kiasi kilekile.

Wakati unasubiri ndio wakati wa vitufe. Angalia insulini iliyobaki mwilini na bolasi ya mwisho: ilitolewa mara mbili? Chakula hukukimaliza? Kama umeshuka chini ya 3.0 au sukari bado inaporomoka, punguza insulini ya msingi, ile inayotiririka kidogo kidogo saa zote. Badala ya kusimamisha pampu moja kwa moja, weka kiwango cha muda cha asilimia 0 kwa dakika 30, ikiwa pampu yako inaruhusu. Faida yake ni kwamba muda ukiisha inarudi yenyewe. Pampu iliyosimamishwa na mtu aliyechanganyikiwa inaweza kusahaulika mpaka asubuhi, na pampu ina insulini ya haraka tu, hakuna ya muda mrefu nyuma yake. Isikae imezimwa zaidi ya saa 2. Baada ya hapo ketoni (asidi zinazojengeka mwili ukikosa insulini) zinaanza kupanda, na kutoka shimo moja umeingia jingine.

Ukishuka pale chakula kinapotengwa, tibu kwanza, ngoja ufike juu ya 4, kisha kula na ujipe bolasi ya chakula hicho, pengine imepunguzwa kidogo. Kuiacha kabisa kutakupandisha juu sana. Ikiwa mlo unaofuata uko mbali zaidi ya saa moja na bado una kazi, kula ndizi moja au kipande cha mkate. Kuendesha gari kuna kanuni inayotumika Uingereza inayofaa kufuatwa hapa pia: sukari iwe angalau 5, na dakika 45 zipite tangu urudi hali ya kawaida.

Raundi tatu zikipita bila sukari kupanda, toa pampu mwilini na uende kituo cha afya ukiwa unaendelea kunywa sukari.

Akizimia au akipata degedege

Hii wafundishwe wenzako, si wewe. Mlaze ubavu. Usimtie kitu mdomoni, hata asali, kwani kitaingia mapafuni. Vua pampu: bandua mwilini plasta yenye kanula (kijirija kinachoingia chini ya ngozi), hakuna haja ya kujua kitufe chochote. Kama ipo glukagoni ya sindano (dawa ya kupandisha sukari), miligramu 1 kwenye msuli wa paja. Mtoto chini ya kilo 25 apewe nusu. Kama haipo, usafiri mara moja kwenda hospitali, ambako atawekewa dekstrosi (maji ya sukari) kwenye mshipa. Pampu iende naye, daktari aone kilichoingia. Waambie pia stendi na kilabuni: mwenye pampu anayeongea hovyo na kuyumba apewe sukari kabla ya kuitwa mlevi.

Kwa nini unashuka

Kupanda na kushuka mashamba ya viazi ya Umalila au kuchuma chai Mufindi ni mazoezi mazito. Misuli huendelea kunyonya sukari hadi saa 24, ndiyo maana anguko huja usiku wa manane. Shusha insulini ya msingi kwa asilimia 50 saa moja hadi moja na nusu kabla ya kazi, na weka kengele ya sensa 4.5 usiku huo. Simu ibaki nje ya mablanketi, la sivyo hutaisikia.

Joto nalo huharakisha insulini: kuoga maji ya moto au kuota moto tumbo lenye kanula likiwa limeelekea jiko mara baada ya bolasi. Anayetoka Tukuyu kwenda Kyela kwenye joto apime mara nyingi zaidi siku za kwanza. Ulanzi (kinywaji cha mianzi) mtamu una sukari, lakini ulioiva ni pombe, na ini likishughulika na pombe halitoi akiba yake ya sukari. Glukagoni nayo hapo hufanya kazi kwa shida. Kula chakula pamoja nao, na usilale bila kupima.

Kosa baya kuliko yote ni kujaza insulini kwenye mrija wa pampu ukiwa umeunganishwa mwilini. Mrija mmoja unaweza kubeba yuniti 10 za insulini au zaidi. Chomoa kwanza, kila mara, bila kujali haraka uliyo nayo.

Ukishuka siku mbili tatu mfululizo saa ileile, tatizo ni mpangilio. Ukishuka saa 10 alfajiri, kinachopunguzwa ni insulini ya msingi kuanzia saa 8 usiku, kwa asilimia 10 hadi 20, kwa kushauriana na kliniki yako. Na kabla ya kugusa namba yoyote angalia saa ya pampu. Saa 8 usiku yetu ni 2:00 kwenye pampu, na aliyeiweka akikosea usiku na mchana, dozi ya mchana ndiyo inayotiririka ukiwa umelala.