Jinsi ya kujipanga kikazi kabla AI (akili bandia) haijakaa kwenye kiti ulichokua unakitaka

Hii nawaandikia nyie mlio vac ya S6, likizo ya baada ya kumaliza sekondari, mnaosubiri kujaza kozi, na nyie mliomaliza chuo mnazunguka na bahasha Kampala, Mbarara, Gulu, Busia, popote. Nina kaduka ka kutaipu na kuprinti hapa Wandegeya kwa hiyo CV za vijana zinapita mikononi mwangu kila siku, na siku hizi wakisubiri kopi zao wananiuliza "anti, hivi hii AI itatuachia kazi kweli?" Inategemea kazi yenyewe ina nini ndani, sasa tuanzie hapo.

Chukua daftari na kalamu. Andika jina la kazi unayoitaka, alafu chini yake andika kila kitu mtu wa kazi hiyo anafanya toka asubuhi mpaka jioni, vitu vidogo vidogo kabisa. Usiandike "uhasibu", andika anashika nini, anaongea na nani, anagombana na nani. Kama humjui mtu wa kazi hiyo mtafute, mnunulie soda, kaa nae, na kama hakuna unaemjua hata mmoja basi ujue hiyo kozi unaichagua kwa jina tu.

Mfano tuchukue mhasibu mdogo wa duka la jumla kule Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, maana kila ukoo Uganda una mtoto anaesomea biashara. Anaingiza risiti kwenye Excel. Anajumlisha. Anaandika barua ya benki. Anatoa ankara za EFRIS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya kodi. Anampigia mteja wa kule mji wa Lira aliechukua mali kwa mkopo na sasa hashiki simu. Anasoma daftari la bosi, nusu Luganda nusu alama ambazo bosi peke yake anazielewa. Anaingia stoo kuhesabu maboksi maana kwenye karatasi ni 40 na ndani yapo 37, na anatakiwa kujua amuulize nani bila kuwasha moto.

Sasa pitia moja moja uweke alama, hiki mashine inaweza leo, hiki inaweza nusu, hiki haiwezi. Usikisie, jaribu kwenye simu. Piga picha ya risiti, iambie AI ikupangie jedwali, utaona inafanya kwa sekunde. Barua ya benki ndo usiseme. Lakini yule mteja wa Lira na yale maboksi 3, hapo lazima aende mtu mwenye miguu na mdomo. Yaani kazi haijafa, imepunguzwa tu, na aliekua anategemea kuishi kwa kuingiza risiti peke yake huyo ndo yuko pabaya.

Hii sio maneno ya dukani kwangu tu. Shirika la Kazi Duniani, ILO, mwaka 2023 walipima kazi mbalimbali wakakuta kazi za ukarani ndo zimeguswa kuliko zote, asilimia 24 ya shughuli za makarani AI inaweza kuzifanya kwa kiwango kikubwa na nyingine asilimia 58 kwa kiwango cha kati. IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, nao Januari 2024 wakasema duniani kote asilimia 40 ya ajira zimeguswa na AI, nchi tajiri 60, nchi maskini 26. Kwa hiyo sisi tumepata muda kidogo, ila msifurahi sana, kuguswa kidogo maana yake pia faida yake tunaipata kidogo, na bando lenyewe tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12, sasa mtoto wa Kitgum atajaribia wapi?

Kitu cha kuangalia sana ni hiki. Watafiti wa chuo cha Stanford mwaka 2025 waliangalia rekodi za mishahara za Marekani wakakuta vijana wa miaka 22 mpaka 25 kwenye kazi zilizoguswa zaidi na AI ajira zao zimeshuka kwa asilimia 13 ukilinganisha na wengine, na wakubwa wao kwenye kazi zile zile hawajashuka. Kwa nini? Kwa sababu kazi za kuanzia, zile za "taipu hii, fupisha ile, jumlisha hapa", ndo mashine inazijua. Ni ngazi iliyokatwa vipago vya chini, aliye juu yuko sawa, wewe wa chini unaruka ushike wapi? Marekani sio Uganda, najua, lakini ofisi zetu za Kampala zenye kampyuta zinanunua programu zile zile.

Kwa hiyo kipago cha kwanza itabidi ukichonge mwenyewe, usingoje tangazo la intanshipu. Tafuta mtu mmoja mwenye biashara ya kweli karibu na kwenu, salon, duka la dawa za mifugo, sacco ya boda, shule ya nasari, gereji, na umwambie "anko, nitakupangia madeni yako mwezi mzima, nipe nauli na chakula." Tumia AI kwenye sehemu za kuchosha, sehemu zilizobaki fanya mwenyewe kwa makini. Mwisho wa mwezi unakua na kitu cha kuonyesha: daftari lilivyokua, jedwali lilivyo sasa, pesa ngapi zimerudi kutoka kwa wadaiwa. Piga picha, funika majina ya watu, weka kwenye faili moja. Faili hilo nalisoma kwa hamu kuliko CV yenye "mimi ni mchapakazi ninaeweza kufanya kazi chini ya presha", hiyo sentensi kwa wiki naiprinti mpaka printa inaijua.

Na CV hizi, jamani! Mkiacha AI iwaandikie bila kugusa, zote zinafanana, watu wanne wa kozi moja wanaleta barua zenye aya ya kwanza ile ile na wanapeleka kampani moja. Andika mwenyewe kwanza, hata kwa Kiswahili au Luganda, sema ulifanya nini, wapi, ikatokea nini. Alafu ndo uiambie mashine irekebishe lugha.

Kitu kingine cha kujifunza, na hiki sio cha siku moja, ni kukagua. AI inakosea kwa sauti ya kujiamini. Kuna kijana wa kuchomelea mageti Katwe alikuja kuprinti makadirio ya bei ambayo AI ilimtengenezea, yamepangwa vizuri, jumla imepigwa mstari mara mbili. Mzee aliemfundisha kazi alikua amesimama nae pale kaunta, akaisoma akacheka, akaomba kalamu. Bawaba hazipo. Rangi ya kuzuia kutu haipo. Bei ya bomba sio ya Katwe. Usafiri sifuri, kwani geti litatembea lenyewe mpaka Namugongo? Akaandika pembeni kwa mkono, tukataipu upya. Sasa jiulize hapo nani alikua na thamani, na mzee huyo amejuaje? Kwa kutengeneza mageti. Ndo maana nasema jifunze kazi yenyewe kwanza, uijue kiasi cha kuona kisichokuepo kwenye karatasi. Zoezi la nyumbani: kila siku iulize AI kitu unachokijua vizuri, mambo ya kijiji chenu, bei za sokoni kwenu, somo ulilolipata vizuri, utafute ilipodanganya. Ukizoea hivyo utaishika hata kwenye usichokijua.

Kozi za mikono sitaziongelea sana. Umeme, mabomba, ushonaji, mifugo, uuguzi, bado zina watu wanaohitajika na kila mzazi anajua hilo japo hataki kulisema mbele ya wageni. Ila msidhani hospitali hazina AI, maabara ya AI ya Makerere imetengeneza njia ya kutumia simu kwenye hadubini kutafuta vijidudu vya malaria. Mtu wa maabara hajafukuzwa kwa hilo, anatakiwa ajue kuitumia na ajue lini asiiamini. Na msikimbie kozi kwa sababu ya kusikia tu. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waanzilishi wa AI, huyo huyo aliekuja kupata Nobel ya fizikia mwaka 2024, alisema watu waache kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei, na mpaka leo madaktari hao bado wanatafutwa. Kama yeye alikosea, yule anko wako wa WhatsApp je?

Lugha nayo msiidharau. Hizi mashine zinajua Kiingereza sana, Kiswahili kiasi, Lugbara na Ateso kidogo sana. Makerere na shirika la Sunbird AI la hapa Kampala wamekua wakikusanya Luganda, Acholi, Lugbara, Runyankole na Ateso ili mashine zielewe, na kazi hiyo inahitaji watu wanaozijua lugha vizuri, sio wa kubahatisha. Kiswahili baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni Julai 2022, na ukivuka Mutukula au Mpondwe biashara inaongea hicho hicho. Mtu anaeweza kukaa kati ya mfanyabiashara wa Goma na karani wa Kampala, akakagua na tafsiri ya mashine, huyo ana kitu cha kuuza.

Tahadhari za haraka haraka. Usilipe laki tano kwa semina ya hoteli ya "kuwa tajiri na AI kwa siku mbili", mengi ya mle yapo bure mtandaoni. Kazi ya kutia data inayokuomba pesa ya usajili kwa mobile money ni wizi, acha hapo hapo. Na usimwage kwenye AI namba za simu za wateja, vitambulisho, majibu ya hospitali, Uganda ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na bosi akijua unatoka siku hiyo hiyo.

Alafu kwenye intavyuu watakuuliza kama unatumia AI. Usikane, hakuna atakaekuamini. Waambie unaitumia kwa kazi gani, taja moja kwa jina, uwaonyeshe mahali ilipokosea ukaikamata, na kama una faili lako la ile salon au ile gereji, lifungue hapo hapo mezani.