Ngumi kwa sekunde kumi: ninavyopima mkono wa mgonjwa wa shingo

Kabla hujachomeka kamera ya kupimia vidole kwenye kompyuta, mwombe mgonjwa afungue vifungo vya shati lake, kisha avifunge. Fundi cherehani mmoja, mzee wa hapa Tanga, alihangaika na kifungo cha tatu hadi akacheka kwa aibu: "Mwanangu, na mimi ndiye niliyewashonea nusu ya mtaa!" Alikuwa amemeza dawa za kutibu ganzi ya mikono miezi kadhaa. Kumbe tatizo liko shingoni. Pingili zilizochakaa zilikuwa zinaubana ugwe mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, na amri za ubongo zinafika vidoleni kwa kuchelewa.

Kipimo chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1987 Ono na wenzake wa Japani walikieleza: mgonjwa afumbe ngumi na kuikunjua kwa kasi yote kwa sekunde 10. Mwenye afya hufikisha mara 20 au zaidi. Kamera inaongeza kile ambacho jicho hukosa, yaani kila kidole kimekunjuka kwa kasi gani na kimeishia wapi.

Mimi natumia Leap Motion, kijiboksi cha kamera mbili za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) kinacholala mezani. Adui yake mkubwa ni jua. Wiki ya kwanza meza yangu ilikuwa dirishani, na vidole vya kwenye skrini vikacheza ngoma huku mkono wa mgonjwa umetulia tuli. Funga pazia. Futa kioo cha kifaa kwa kitambaa kikavu, vua pete, saa na bangili, kunja mikono ya shati. Kiwiko kiegemee taulo lililokunjwa, kiganja kitazame chini, kiasi cha sentimeta 20 juu ya kifaa. Mkono ukilala ubavu, vidole hufichana na programu huanza kubahatisha.

Anza na mkono wenye nafuu ili aelewe mchezo. Ajaribu ngumi tatu, apumzike, ndipo useme "Haya!" Rudia mara mbili kila mkono, na simu ikirekodi video pembeni. Usiidharau hiyo video: siku moja programu ilinihesabia 26, nilipohesabu mwenyewe nikapata 17. Ilikuwa inahesabu hata vidole vilivyofunguka nusu. Tangu hapo nimeiwekea kiwango, na kidole kisipokaribia kunyooka hakihesabiwi.

Namba peke yake haitoshi. Tazama kama kukunjua kunachelewa kuliko kufumba, na kama kidole cha mwisho kinabaki kimepinda au kinajitenga na wenzake. Tazama pia kifundo cha mkono. Wengine hukiinamisha ili kano zivute vidole vifunguke. Huo ni ujanja wa mwili, uandike.

Baridi yabisi na kiharusi navyo hupunguza hesabu, kwa hiyo grafu haitoi jina la ugonjwa. Mtembeze mgonjwa juu ya mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine, muulize kuhusu mkojo. Akiyumba au mkojo ukimsumbua, daktari ajue siku hiyohiyo, apangiwe MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Na asikubali mtu yeyote "amnyooshe" shingo.

Fundi wangu alipata 9 mkono wa kulia. Miezi minne baada ya upasuaji alifika 16. Amerudi kwenye cherehani, ila kutunga uzi kwenye sindano bado ni kazi ya mjukuu wake.