Namna Mfamasia wa Hospitali Anavyoweza Kumpunguzia Mgonjwa wa Saratani Dawa Zisizo za Lazima

Mgonjwa wa saratani kutoka Newala, Masasi au Kilwa anapofika kwenye dirisha lako la dawa, mara nyingi amekwishapitia zahanati ya kijijini, duka la dawa muhimu, hospitali ya mkoa na pengine Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Kila alikopita ameongezewa dawa, na ni nadra kumpata aliyempunguzia.

Anza na dawa zenyewe, si kadi. Mwombe mgonjwa, au ndugu anayemuuguza, aje na kila anachokitumia, kisha vyote viwekwe mezani. Bibi akifungua pindo la kanga unaweza kukuta omeprazoli (ya kupunguza asidi tumboni) iliyokatwa nusu pakiti, vidonge visivyo na jina ndani ya bahasha, diklofenaki ya maumivu iliyonunuliwa dukani na chupa ya maji ya mizizi. Uliza kwa adabu: “Shikamoo bibi. Hiki unakimeza lini, nani alikupa, na kinakusaidia nini?” Anayekaripiwa huficha, na dawa iliyofichwa huwezi kuipima.

Kisha ipitie dawa moja moja ukijiuliza kama sababu ya kuandikwa kwake bado ipo, na kama haigombani na tiba ya saratani. Diklofenaki kwa anayepata sisplatini, dawa ya saratani, huongeza hatari ya kuumia figo, na foliki asidi, ambayo wengi huihesabu kuwa vitamini tu, huweza kuzidisha madhara ya kapesitabini, dawa nyingine ya saratani. Mgonjwa aliyekonda na asiyekula vizuri anaweza kushuka sukari kwa glibenklamidi ileile ya kisukari aliyoizoea, au kupata kizunguzungu kwa dawa za presha zilizomfaa alipokuwa na uzito wake. Angalia pia dawa iliyoletwa na dawa nyingine: amlodipini ya presha huvimbisha miguu, miguu ikavimba akaandikiwa furosemidi ya kukojosha maji, naye sasa anaamka usiku kucha kwenda chooni. Hapo cha kujadiliwa kwanza ni amlodipini.

Si kila dawa ya ziada ni ya kuondolewa. Ya kulainisha choo inayoambatana na morfini, dawa ya maumivu makali, ibaki. Prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi) iliyotumika kwa wiki kadhaa, na dawa za presha za jamii ya atenololi, hazikatwi ghafla, bali hupunguzwa hatua kwa hatua.

Usimwondolee mgonjwa dawa kwa uamuzi wako peke yako. Mpelekee daktari pendekezo fupi lenye jina la dawa, sababu na namna ya kuiacha, na mkikubaliana anzeni na moja, ile yenye madhara zaidi, ili mabadiliko yakitokea mjue yametoka wapi. Mwiteni arudi baada ya wiki moja au mbili, apimwe presha au sukari kulingana na dawa iliyoachwa.

Nani awaeleweshe ndugu? Wewe, na kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu familia iliyouza korosho kununua dawa hizo huona kupunguziwa ni kukatiwa tamaa. Waambie wazi kwamba tiba ya saratani inaendelea, na kwamba kinachoondolewa ni kile kinachomchosha mgonjwa.

Mwisho, andika kwenye daftari lake la kliniki “imesitishwa”, tarehe na sababu, kwa maandishi yanayosomeka, ili daktari wa kituo kingine asiirudishe dawa hiyo.