Kichwa cha kopo la jeli ya kunyolea kisichovuja: namna ya kukisanifu hatua kwa hatua

Mteja akirudisha kopo la jeli ya kunyolea akisema "linavuja", mara nyingi kopo lenyewe ni zima. Gesi imo, uzito haujapungua. Kinachomkera ni donge la povu linalochomoza mdomoni dakika chache baada ya kubonyeza, likashuka ubavuni mwa kopo na kugandia kwenye rafu ya bafu. Gesi huzuiwa na valvu. Kazi ya kichwa, yaani kile kipande cha plastiki cha juu chenye kitufe na mdomo, ni kuzuia jeli iliyokwisha kupita valvu isijitokee yenyewe, na kazi hii wasanifu wengi huifikiria mwisho kabisa, sura ya kichwa ikiwa imeshapitishwa na watu wa masoko.

Nimechagua jeli kwa sababu ndiyo inayosumbua kuliko bidhaa zote za kopo la presha. Ukiiweza, kichwa cha losheni au cha povu la nywele hakitakushinda.

Hatua ya 1: Jua kinachovuja ni nini

Kopo la aina hii lina njia tatu za kuvujia, na kila moja ina mwenyewe. Ya kwanza ni pale kikombe cha valvu (kisahani cha chuma kinachobeba valvu) kilipokunjwa juu ya mdomo wa kopo. Kwa kopo la kawaida lenye mdomo wa inchi 1 (milimita 25.4), mkunjo huanzia kwenye kipenyo cha kama milimita 27.2 na kina cha milimita 5, ingawa namba za kufuata ni za aliyekuuzia valvu. Ya pili ni gasketi ndogo (mpira wa kuzibia) inayozunguka kijiti cha valvu, kile kibomba kinachobonyezwa ili jeli itoke. Ya tatu ndiyo yako: kuanzia ncha ya kijiti, kupitia ndani ya kichwa, hadi mdomoni.

Kuzitenganisha ni rahisi. Vua kichwa, zamisha kopo kwenye maji ya nyuzi 50, utazame. Mapovu yakitoka kwenye ukingo wa kikombe, zungumza na kiwanda cha kujaza. Yakitoka kwenye kijiti, zungumza na muuza valvu, na umuulize gasketi ni ya mpira gani. Mpira wa nitrili unatosha kwa gesi za butani na isobutani, lakini ukitumia gesi ya dimethili etha utavimba, na hapo watu huhamia mpira wa butili. Yasipotoka popote, tatizo ni lako.

Tahadhari: gesi za makopo haya zinawaka. Pasha maji kwa umeme mahali penye hewa, vaa miwani, usivuke nyuzi 50, na usithubutu kufanya hivi karibu na jiko.

Hatua ya 2: Elewa jeli inavyofanya kazi

Ndani ya kopo la jeli kuna mfuko (au pistoni) unaoitenga jeli na gesi inayoisukuma. Jeli hutoka ikiwa jeli, kisha hugeuka povu kiganjani kwa sababu imechanganywa na kimiminika chepesi, kwa kawaida isopentani yenye isobutani kiasi. Isopentani huchemka kwenye nyuzi 28 hivi. Joto la kiganja linatosha.

Joto la Mombasa au Dar es Salaam mchana nalo linatosha. Usidhani Nairobi itakunusuru kwa baridi yake: kwenye mita 1,700 juu ya usawa wa bahari kanieneo ya hewa ni ndogo, kwa hiyo isopentani ileile huchemka karibu na nyuzi 22. Kichwa kilichosanifiwa na kupimwa kwenye maabara ya Ulaya kwa nyuzi 20 kinaweza kufaulu huko kikatia aibu huku, na hakuna aliyedanganya.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya masalia

Masalia ni jeli yote inayobaki kati ya valvu na mdomo baada ya kuachia kitufe. Tuseme njia ya ndani ina kipenyo cha milimita 3 na urefu wa milimita 25. Ujazo wake ni milimita za ujazo 177, yaani chini kidogo ya mililita 0.2. Unaonekana mdogo. Lakini kama jeli ina isopentani asilimia 3, kiasi hicho kina miligramu 5 hivi za isopentani, ambazo zikigeuka gesi zinajaza karibu mililita 2. Hilo ndilo donge la rafuni.

Sasa fupisha njia iwe milimita 12 na kipenyo kiwe 1.5. Masalia yanashuka hadi milimita za ujazo 21, moja ya nane ya yale ya mwanzo. Mbona basi watu hawafanyi hivyo? Kwa sababu ya mtiririko. Kwa kimiminika cha kawaida, ukipunguza kipenyo nusu mtiririko unashuka mara 16. Kufupisha njia kunakurudishia mara 2 tu. Jeli si kimiminika cha kawaida, kwa hiyo namba zake hazitakuwa hizohizo, lakini mtumiaji atabonyeza muda mrefu na atakuchukia kwa sababu nyingine. Mimi huanzia kipenyo cha milimita 2 na urefu wa 12: masalia milimita za ujazo 38, chini ya robo ya yale ya awali, na jeli bado inatoka kwa heshima.

Ukiambiwa mdomo lazima uwe mrefu na uliopinda kwa ajili ya urembo, toa hesabu hii mezani kabla hujakubali.

Hatua ya 4: Maungio ya kijiti na kichwa

Hapa kaa. Vichwa vingi huharibikia hapa.

Anza kwa kupima vijiti vyenyewe. Mchoro wa muuza valvu ni ahadi tu. Chukua valvu thelathini hivi kutoka maboksi tofauti, pima kipenyo cha kijiti kwa maikromita, na pima urefu wake kutoka ukingo wa kikombe baada ya kukunjwa kwenye kopo. Namba hii ya pili husahaulika sana.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kulifanya tundu la kichwa liwe dogo kuliko kijiti ili libane: kijiti cha milimita 4.00, tundu la 3.85. Kwa kichwa kidogo cha kupulizia kinachosukumwa moja kwa moja juu ya kijiti, hilo ni sawa. Kichwa cha jeli ni hadithi nyingine, maana mwili wake hujifungia kwenye ukingo wa kikombe kwa "klik" na tundu linashikiliwa na bawaba ya plastiki. Unapokipachika, msuguano wa tundu hukisukuma kijiti chini. Baada ya klik, springi ya valvu inataka kukirudisha juu. Msuguano ukizidi nguvu ya springi, kijiti kinabaki kimezama kidogo, valvu haijifungi sawasawa, na kopo linavuja polepole hadi dukani. Yaani umekaza ili lisivuje, na kukaza ndiko kumelivujisha.

Dawa yake ni mdomo mwembamba unaonyumbulika ndani ya tundu, unene wa milimita 0.3 hadi 0.4, ndio unaogusa kijiti. Sehemu nyingine ya tundu iachwe huru. Mdomo huo mwembamba uelekee upande wa ncha ya kijiti, jeli inakoingilia kichwani, ili presha ya jeli yenyewe iukandamize kwenye kijiti. Halafu pima kwa mashine ya nguvu: nguvu ya kuingiza kijiti ndani ya tundu iwe chini ya nusu ya nguvu ya springi. Hiyo nusu ni kanuni yangu, wala si ya kitabu chochote.

Jambo la pili hapohapo: ziba kwa kubana pembeni, usizibe kwa kukanyaga ncha ya kijiti. Ndani ya tundu kuna bega linalokisukuma kijiti mtu anapobonyeza. Kitufe kikiwa kimeachiwa, lazima kuwe na nafasi kati ya bega na ncha. Kiasi gani? Jumlisha tofauti zote: tuseme urefu wa kijiti hupishana kwa 0.25, ukingo wa kikombe kwa 0.15, kichwa chenyewe kwa 0.10. Jumla 0.50, basi acha 0.6. Valvu nyingi huanza kupitisha kabla kijiti hakijashuka hata milimita 1, kwa hiyo bega linalogusa tangu mwanzo ni valvu iliyofunguliwa nusu. Nafasi hiyo itaongeza masalia kwa milimita za ujazo 7 au 8. Kubali hasara hiyo.

Kizibo cha juu nacho kikague kwa jicho hilohilo. Kikigusa kitufe, makopo yakipangwa ghala zima moja juu ya jingine, yote yanabonyezwa.

Hatua ya 5: Funga mdomoni

Kupunguza masalia kunapunguza donge, hakuliondoi. Ukitaka mdomo mkavu, weka kifungio mwishoni kabisa mwa njia.

Kuna njia mbili. Ya rahisi ni kiwambo cha mpira chenye mkato, kinachofunguka jeli ikisukuma na kujifunga ikiacha. Watu hukimbilia silikoni kwa kuwa ni laini na inarudi vizuri, lakini silikoni huvimba ikikaa kwenye isopentani na pia huipitisha. Kata vipande vya mpira unaokusudia kutumia, vizamishe kwenye jeli yenyewe kwa nyuzi 40 kwa wiki kadhaa, kisha upime unene na uzito wake. Fanya hivyo kabla ya kuagiza moldi (kalibu ya kuundia vipande).

Ya pili ni kipini kinachosogea pamoja na kitufe: ukibonyeza kinarudi nyuma, ukiachia kinaziba mdomo. Vipande vinaongezeka na bei inapanda, ila ndiyo ninayoiamini zaidi. Kipini kikishaziba, jeli iliyofungiwa itajenga presha. Isopentani peke yake kwenye nyuzi 40 hufikia karibu baa 0.5 juu ya presha ya hewa, na isobutani ikiwemo huongezeka. Sanifu kipini kistahimili baa 2. Presha hiyo ikielekea nyuma kwenye kijiti cha milimita 4 inazaa nguvu ya nyutoni 2.5 tu, hivyo kichwa hakitaruka. Hakikisha pia valvu inatangulia kujifunga kabla ya kipini. Kipini kikitangulia, unafungia mdomoni presha yote ya kopo.

Hatua ya 6: Moldi

Sampuli ya kuchapishwa kwa printa ya 3D inafaa kuonyesha sura na kujaribu mkono wa mtumiaji. Usiitumie kuhukumu uvujaji, kwa sababu tabaka zake zina mifereji. Tengeneza moldi ya majaribio ya tundu moja kwa plastiki ileile utakayouza, kwa kawaida polipropilini.

Mambo matatu ya kumkazia fundi moldi: mstari wa kugawanya moldi usipite kwenye sehemu yoyote inayoziba, plastiki isiingizwe mahali ambapo mikondo miwili itakutana kwenye ule mdomo mwembamba, na pini inayotengeneza tundu ishikiliwe isiyumbe. Polipropilini husinyaa kati ya asilimia 1 na 2.5, na huendelea kusinyaa baada ya kutoka kwenye mashine. Pima vipande kesho yake au keshokutwa. Vipimo vya vipande vya moto vitakudanganya.

Hatua ya 7: Jaribu kwa joto la kwako

Gawa makopo makundi mawili, moja lenye vichwa na jingine lenye valvu tupu. Bila kundi la pili huwezi kujua kama gramu zinazopotea ni za kichwa au za valvu. Yahifadhi kwa nyuzi 25 na 40, mengine yamesimama, mengine yamelala, mengine kichwa chini, kwa miezi mitatu, ukiyapima kila wiki kwa mizani ya gramu 0.01. Kundi lenye vichwa likipoteza zaidi, rudi hatua ya 4 na utazame bega.

Kwa donge la mdomoni, toa gramu 1 ya jeli, futa mdomo, tega chini yake tishu iliyopimwa, subiri dakika 30, futa tena mdomo kwa tishu hiyohiyo na uipime. Rudia kwa nyuzi 20, 30 na 38. Fanya hivyo kopo likiwa jipya, likiwa nusu, na linapokaribia kuisha, maana presha hushuka na kiwambo kilichojifunga vizuri mwanzoni kinaweza kubaki wazi mwishoni. Kisha dondosha makopo machache yaliyojaa kutoka urefu wa rafu ya bafu, kichwa kikitangulia, na urudie jaribio la tishu kwa hayohayo.