Kunyoa Ndevu Vizuri kwa Wembe wa Bei Nafuu wa Bapa Moja

Wembe wa plastiki wenye bapa moja tu la chuma umesingiziwa mengi: kwamba unaparua, unakata, unaacha visiki vya ndevu shingoni na kuotesha vipele kidevuni. Sehemu kubwa ya lawama hizo inaustahili mkono unaoushika, hasa mkono uliozoea nyembe za mabapa matatu au matano, ambazo vichwa vyake hujipinda vyenyewe kufuata umbo la uso na kumvumilia mtu anayekandamiza na mwenye haraka. Wembe wa bapa moja hauna uvumilivu huo. Kichwa chake kwa kawaida hakichezi, kwa hiyo pembe, mgandamizo na mwelekeo vyote vinamtegemea mnyoaji. Akishavijua vitu hivyo vitatu, atanyoa uso vizuri kabisa, na pengine ngozi yake itapata nafuu kuliko alipokuwa akitumia wembe wa gharama kubwa.

Nafuu hiyo ina sababu. Kabla ya mwaka 1971, kampuni ya Gillette ilipotoa Trac II yenye mabapa mawili, watu walinyoa kwa bapa moja, na Bic ilipoanza kuuza wembe wake wa kutupa mwaka 1975 ilirudi kwenye bapa hilo hilo moja. Katika wembe wa mabapa mengi, bapa la kwanza huuvuta udevu kidogo kutoka katika kitundu chake, na bapa linalofuata huukata kabla haujarudi, hivyo ncha hubaki chini ya usawa wa ngozi. Uso huwa laini sana siku hiyo, lakini kwa mwenye ndevu za kipilipili, ncha iliyozama hujikunja inapoota na kuichoma ngozi kutoka ndani, na kipele hutokea. Bapa moja hukata udevu usawa wa ngozi au juu yake kidogo tu, na ndiyo sababu wenye vipele vya ndevu mara nyingi hushauriwa kulirudia.

Kazi huanza kwa maji, na hapa ndipo wengi wanapojiharibia. Udevu mkavu ni mgumu, lakini ukiloweshwa dakika mbili au tatu hunywa maji, huvimba na kukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Wakati mzuri wa kunyoa, basi, ni baada ya kuoga. Asiyeoga wakati huo aoshe uso kwa sabuni na maji ya uvuguvugu ili kuondoa mafuta yanayozuia maji kupenya, kisha auache uso ukiwa umelowa, bila kuufuta. Kunyunyiza matone mawili matatu na kupaka povu papo hapo hakutoshi. Kama ndevu zimeachwa siku nyingi hadi zikarefuka, zipunguzwe kwanza kwa mkasi au mashine, kwa sababu nafasi kati ya bapa na ukingo wa plastiki ni ndogo na nywele ndefu huiziba mara moja.

Uso ukiwa bado umelowa, pitisha ncha za vidole polepole pande zote na uangalie ndevu zinaota kuelekea wapi. Upande unaoteleza ni ule wa kufuata uotaji. Upande unaokwaruza vidole ni wa kwenda kinyume. Mashavuni ndevu nyingi huelekea chini, lakini shingoni hazina utaratibu huo: kwa wengine huota kwenda juu, kwa wengine huelekea pembeni, na karibu na koromeo huweza kuzunguka kama kizingia cha maji. Jambo hili linahitaji kufanywa kwa makini mara moja tu, maana ramani ya uso haibadiliki wiki hadi wiki, na mtu anayelalamika kwamba shingo yake haikubali wembe mara nyingi ni mtu ambaye kwa miaka mingi ameinyoa kuelekea upande mmoja bila kuchunguza.

Kuhusu povu sina mengi ya kusema. Sabuni ya kunyolea inayokorogwa kwa brashi hutoa povu bora kuliko lile la kopo, kwa sababu unaweza kuliongezea maji hadi lilegee na kung'aa, na brashi yenyewe huzinyanyua ndevu. Povu jepesi lililojaa hewa hupendeza kwenye kioo lakini haliwezi kuutelezesha wembe. Krimu iliyopakwa kwa vidole inafaa pia, mradi iwe na maji ya kutosha. Sabuni ya kuogea hukauka haraka usoni, nami naiona kuwa chaguo la mwisho.

Pembe ya kunyolea haihitaji kipimo. Laza kichwa cha wembe juu ya shavu lenye povu huku mpini ukiwa umechomoza nje, mbali na uso. Wembe ukiwa hivyo, kinachogusa ngozi ni ukingo wa juu wa plastiki, na makali hayajafika. Anza kushusha mpini taratibu huku ukiuvuta wembe kidogo kidogo, mpaka usikie mlio mwembamba wa ndevu zinazokatika. Hapo ndipo pembe yako ilipo. Ukiushusha zaidi ya hapo, makali husimama na kuiparua ngozi badala ya kukata ndevu. Kwa kuwa kichwa hakijipindi, pembe hiyo inabidi itafutwe upya kila uso unapobadilika umbo, hasa kwenye ukingo wa taya, na ndiyo maana mivuto iwe mifupi, ya sentimita mbili au tatu. Sikio ni kiongozi mzuri kuliko kioo: mlio ukikoma ghafla, ama ndevu zimekwisha mahali hapo ama pembe imepotea.

Mgandamizo ni suala gumu zaidi. Wanaotumia nyembe zenye mpini wa chuma huambiwa wauache uzito wa wembe ufanye kazi, lakini wembe wa plastiki ni mwepesi mno kwa ushauri huo, na ukiuacha bila kuushikilia utarukaruka juu ya ndevu. Unachotakiwa kufanya ni kukifanya kichwa chake kiendelee kugusa ngozi, basi. Shika mpini kwa ncha za vidole, karibu na mwisho wake, kwa sababu mkono ulioko mbali na kichwa hauwezi kukandamiza sana hata ukitaka. Ngozi ikionekana kubonyea mbele ya wembe, umezidisha. Anayehisi kwamba lazima akandamize ndipo ndevu zikatike, aangalie mambo mawili: ama ndevu hazijalowa vya kutosha, ama bapa limekwisha makali.

Anza mashavuni, ambako ngozi ni tambarare, uendelee shingoni, na uache kidevu na juu ya mdomo mwishoni, kwani ndevu za huko ni nene na zinafaidika kwa kukaa ndani ya povu muda mrefu zaidi. Kwenye taya, tumia mkono mwingine kuivuta ngozi ya shingo ipande juu ya mfupa au ngozi ya shavu ishuke, ili wembe upite mahali palipo sawa badala ya kuruka ukingo. Kwa eneo la juu ya mdomo, vuta mdomo wenyewe ushuke juu ya meno. Kwa mwenye ndevu za kipilipili, hata hivyo, ngozi isivutwe kwa nguvu, kwa sababu udevu unaokatwa ngozi ikiwa imekazwa hurudi ndani ngozi inapolegea, na faida ya bapa moja inapotea. Suuza kichwa cha wembe kila baada ya mivuto miwili au mitatu.

Usitarajie kumaliza kwa mpito mmoja. Mpito wa kwanza hufuata uotaji na kazi yake ni kupunguza ndevu. Mashavu yakibaki na ukwaruzo, paka povu upya na upite kwa kukata upande, yaani kutoka sikioni kuelekea puani au kinyume chake. Kurudia mahali palipokwisha povu ndicho chanzo cha ule moto wa ngozi unaohisiwa dakika chache baadaye. Mpito wa tatu, wa kwenda kinyume cha uotaji, unawezekana kwa mwenye ndevu zilizonyooka na ngozi shupavu. Mwenye vipele auache kabisa na akubali kivuli kidogo cha ndevu shingoni.

Ukimaliza, suuza uso kwa maji baridi na uupapase kwa taulo bila kusugua. Kipande cha shabu kilicholowa kikipitishwa usoni husimamisha damu ya mikato midogo, na pia hukwambia ukweli kuhusu mkono wako: mahali panapochonyota ndipo ulipokandamiza. Kisha paka losheni isiyo na alkoholi.

Wembe wenyewe ukung'utwe maji na usimamishwe mahali pakavu, mbali na mvuke wa bafu. Usiufute kwa taulo wala kuugongesha kwenye beseni, maana makali ni membamba na hupindika kirahisi. Mwaka 2020, watafiti wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani walieleza katika jarida la Science jinsi udevu, ambao ni laini kuliko chuma cha wembe takriban mara 50, unavyoweza kuyamegua makali, hasa unapokutana na chuma kisicho na ugumu ulio sawa kila mahali. Kwa hiyo hakuna namna ya kulifanya bapa lidumu sana. Kwa watu wengi hutosha mara tano hadi saba, na mwenye ndevu ngumu huenda asifike huko. Dalili ya kufuata ni kuvuta. Siku wembe unapoanza kuzivuta ndevu badala ya kuzikata, utupe, hata kama ulianza kuutumia juzi. Usimwazime mtu mwingine wala usiazime wa mtu, kwa kuwa damu isiyoonekana kwenye bapa inaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B na C. Kabla ya kuutupa, uvishe kifuniko chake au uufunge ndani ya karatasi nene, ili usimkate atakayebeba takataka.